Kwa nini Jumanne, na kwa nini runinga zilitofautiana

Ndugu, umeuliza kwa nini uchaguzi mkuu wa Kenya huwa Jumanne: siku hiyo haichaguliwi na tume ya uchaguzi, IEBC. Katiba ya Kenya ya 2010 imeshaifunga: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Ndiyo maana 2017 ikawa tarehe 8 na 2022 tarehe 9.

Kuhusu runinga kupishana takwimu za kura za urais 2022, hakukuwa na uchawi. IEBC iliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya urais, za vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, kila stesheni ikajumlisha kivyake. Huyu kaanza na fomu za Mlima Kenya, alikokuwa na kura nyingi mgombea Ruto, yule za Nyanza, ngome ya mpinzani wake Raila, basi mmoja anaonyesha Ruto mbele, mwingine Raila. Wangetuandikia tu pembeni ya skrini fomu zimetoka kaunti zipi.