Jibu: Kasisi aliyefia Matterhorn

Mkuu, umeuliza kama ni kweli kuna padri alifia Matterhorn, ule mlima wa mpakani mwa Uswisi na Italia, au ni stori za vijiweni. Ni kweli, ila alikuwa kasisi wa Kianglikana. Aliitwa Charles Hudson, mchungaji wa kijiji cha Skillington, Uingereza, na kabla ya hapo alihudumia askari vitani Crimea.

Milima aliiweza hasa. Mwaka 1855 alikuwa kwenye kundi la kwanza kufika kilele cha Dufourspitze, kirefu kuliko vyote Uswisi, na mwaka huohuo akapanda Mont Blanc, mlima mrefu zaidi wa Alps, na wenzake bila kiongozi wa kulipwa.

Tarehe 14 Julai 1865 watu saba, Hudson akiwemo, walifika kilele cha Matterhorn, wa kwanza kabisa. Kasheshe ilikuwa kushuka, wote wakiwa wamefungwa kamba pamoja. Hadow, kijana wa miaka 19 ambaye Hudson mwenyewe ndiye aliyemdhamini, aliteleza akamgonga Croz, kiongozi wa kulipwa aliyekuwa mbele yake. Kamba ikawavuta Hudson na mpandaji mwenzao Douglas. Mzee Taugwalder, kiongozi mwingine aliyekuwa juu yao, akakaza, kamba ikakatika, hao wanne wakaporomoka wakafa. Kwangu mimi, kosa la Hudson lilikuwa pale alipomkubali yule kijana. Kipande cha kamba hiyo kiko makumbusho ya Zermatt, mji ulio chini ya mlima huo: chembamba, utashangaa.