Nyumba janja: klaudi au mfumo wa ndani? Jibu kwa mkuu anayejenga Kibaha

Mkuu, umeuliza ununue vifaa vya waifai vinavyoendeshwa kwa apu kupitia seva za nje, au ujenge mfumo unaokaa humo humo nyumbani, na umetaja pampu ya maji, taa za nje, geti na kamera. Kwangu ninavyo vya aina zote mbili. Ninavyogawa ni hivi: kinachotakiwa kufanya kazi hata bando likiisha hakiendi klaudi, yaani kwenye hizo seva za nje. Vingine chagua kwa mfuko wako.

Nianze na pampu, maana ndiyo yenye hasara kubwa. Ukiweka sensa kwenye simtank na swichi janja kwenye pampu, vyote vya waifai, unaona kama vinaongea vyenyewe. Mara nyingi sivyo. Ratiba rahisi ya saa huweza kukaa ndani ya swichi, lakini kanuni inayounganisha vifaa viwili, yaani "tanki likijaa, zima pampu", kwa vifaa vingi hutekelezwa kwenye seva ya mtengenezaji, ng'ambo huko. Amri ya kuwasha ikifika na ya kuzima ikapotea njiani, maji yanamwagika usiku kucha. Au kisima kinakauka, pampu inazunguka kavu mpaka sili inaungua.

Kwangu pampu inaamuliwa na floti mbili (swichi zinazoelea, zinazopanda na kushuka na maji), moja kwenye simtank na nyingine kwenye tanki la chini, zimefungwa kwenye koili ya kontakta, yaani swichi nzito ambayo koili yake ikipata umeme huunganisha umeme wa mota. Hapo hakuna kompyuta wala waifai. Home Assistant, programu ya kuendesha nyumba janja inayokaa kwenye kompyuta ya nyumbani, inasoma tu hali ya pampu, inanitumia ujumbe, na naweza kuizima nikitaka. Na tafadhali, usipitishe umeme wa mota moja kwa moja kwenye swichi janja hata kama imeandikwa 16A. Mota ikianza huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko ikishatulia, na rilei ndogo, yaani swichi ya umeme iliyo ndani ya kifaa, hushikana isiachie tena. Swichi iamrishe kontakta, kontakta ndiyo ibebe mota.

Wapo watakaokwambia siku hizi intaneti ni ya uhakika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku hizo taa zangu za Zigbee (redio ya vifaa vya nyumbani isiyohitaji intaneti) hazikujua kama kuna kitu kimetokea. Swichi za klaudi ziligeuka swichi za kawaida za ukutani, jambo ambalo nalo si baya: hakikisha kila unachonunua kina kitufe cha kubonyeza kwa mkono.

Halafu kuna kampuni kufa. Insteon ya Marekani, iliyouza vifaa vya nyumba janja, ilizima seva zake Aprili 2022 bila kuwaaga wateja. Kabla yake kulikuwa na Revolv, kifaa cha kuunganisha vifaa vya nyumba janja: kampuni ya Nest waliinunua 2014, na 2016 wakazima huduma, kifaa cha dola 299 kikabaki boksi tupu. Wateja wa Insteon waliokuwa na kifaa cha kuunganisha mfumo wao na kompyuta ya nyumbani waliendelea kuwasha taa zao.

Sasa usije ukadhani mfumo wa ndani ni lelemama. Raspberry Pi 4, kikompyuta ambacho wengi huendeshea Home Assistant, haina betri ya saa. Umeme ukikatika kisha ukarudi huku intaneti haipo, haina pa kuulizia muda, na ratiba zote zinakwenda mrama. Unajiita "wa ndani" kumbe unategemea nje kwa kitu kidogo kama saa! Ndiyo maana napendelea kompyuta ndogo iliyotumika, zile za maofisini zinazouzwa Kariakoo: ina betri ya saa, ina SSD, na haina shida ya kadi ya SD kufa kwa kuandikwa-andikwa. Iweke pamoja na ruta kwenye UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika.

Taa za nje zisikuumize kichwa. Machweo ya Dar na Pwani hayapishani hata saa nzima mwaka mzima, kwa hiyo taima ya kawaida inatosha. Ila usinunue balbu janja, nunua swichi janja. Balbu nyingi umeme ukirudi huwaka zenyewe, na kwetu umeme hurudi saa tisa usiku.

Geti: motor yoyote, mradi iwe na ufunguo wa kulifungua kwa mkono. Kamera: tafuta iliyoandikwa ONVIF au RTSP, yaani inayotoa video kwa vifaa vya kampuni nyingine bila klaudi, irekodi kwenye diski ya nyumbani. Kupandisha video klaudi saa 24 kunakula bando vibaya sana.

Kitu kimoja klaudi inashinda kweli ni kukufikisha nyumbani ukiwa safarini. Laini nyingi za simu hazikupi anwani ya IP (namba ya kukupata mtandaoni) ya peke yako, hivyo kufungua mlango kwenye ruta ili uingie kutoka nje hakusaidii. Unaweza kulipia kila mwezi huduma ya Nabu Casa, inayokuunganisha na Home Assistant ukiwa mbali, au utumie Tailscale. Hii ya pili ni VPN, yaani njia ya faragha inayopita ndani ya intaneti, na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo lishughulikie hilo mapema.

La mwisho, na ndilo la haraka kwa sababu bado hujapiga plasta: mwambie fundi umeme avute nyutro (waya wa kurudisha umeme) hadi kwenye kila boksi la swichi. Atakwambia haina haja, maana swichi ya kawaida haiihitaji. Swichi janja nyingi zinaihitaji, na kuvuta waya leo ni pesa kidogo ukilinganisha na kuchimba ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Aweke pia boksi zenye kina, kwa sababu rilei janja kama ya kampuni ya Shelly hukaa nyuma ya swichi na zile fupi hazina nafasi.

Ukipata mchoro wa umeme wa nyumba uweke hapa, na utaje pampu yako ni ya HP ngapi, tukupigie hesabu ya kontakta.