Kabla hujanunua pampu ya maji, geuza namba zote ziwe lita kwa dakika

Mwaka jana nilitafuta pampu ya kupandisha maji ya kisima hadi kwenye tangi la shamba langu la nyanya, huku Kahe, chini ya mji wa Moshi. Dukani niliwekewa mbili. Kibao cha moja kilisomeka 6 m³/h, yaani mita za ujazo kwa saa, cha nyingine 100 L/min, yaani lita kwa dakika. Nikaona mia ni kubwa kuliko sita, nikaongeza hela, nikabeba ya mia. Muuzaji naye alisema hiyo ndiyo yenye nguvu.

Kumbe namba zile mbili ni kitu kimoja. Mita moja ya ujazo ni lita 1000, ile tunayoiita uniti kwenye bili ya maji. Uniti 6 kwa saa ni lita 6000. Gawa kwa dakika 60, unabaki na lita 100 kwa dakika. Hela niliyoongeza ingenunua mbolea, na mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo ndugu mkulima, ukikuta mita za ujazo kwa saa, zidisha kwa 1000 kisha gawa kwa 60. Ukikuta lita kwa sekunde, kama wanavyopima maji ya mfereji, zidisha kwa 60. Mfereji wa lita 2 kwa sekunde unaonekana mdogo, lakini ni lita 120 kwa dakika, zaidi ya pampu yangu. Kuwa makini na GPM, yaani galoni kwa dakika. Galoni hiyo si dumu letu la mtaani. Ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni lita 4.546. Pampu ya GPM 30 itakuwa lita 114 au 136, kutegemea galoni ya nani, kwa hiyo uliza.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia dukani. Namba ya kwenye kibao, ile ya Q max, yaani maji mengi kabisa ambayo pampu inaweza kutoa, ni ya maji yasiyopandishwa popote. Kadiri unavyoyapandisha juu, na kadiri bomba linavyokuwa refu na jembamba, ndivyo yanavyopungua. Ukifika H max, yaani kimo cha mwisho kilichoandikwa kibaoni, hayatoki kabisa. Usizisome namba hizo mbili kana kwamba utazipata kwa pamoja.

Ukweli niliupata kwa ndoo. Nilipeleka ndoo kwenye mizani ya duka la nafaka, nikatia maji mpaka yakafika kilo 20 bila uzito wa ndoo, nikachora mstari kwa msumari, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Nikapanda kwenye mnara wa tangi na simu mkononi, nikaweka ndoo mdomoni mwa bomba. Maji yaligusa mstari kwa sekunde 24. Kwa ndoo ya lita 20, chukua 1200 ugawe kwa sekunde ulizohesabu: nikapata lita 50 kwa dakika. Nusu ya kibao! Ukitaka mita za ujazo kwa saa, chukua 72 badala ya 1200. Yangu ni 3.

Basi tangi la lita 5000 linajaa kwa dakika 100, na hapo ndipo nilipojua nianze saa ngapi. Rudia kipimo kiangazi kikikolea. Mwezi wa tisa kisima kilishuka, ndoo ileile ikajaa kwa sekunde 30, lita 40 tu kwa dakika, ikabidi niwashe pampu dakika 25 mapema.