Maswali na Majibu: Albamu ya Pili ya The Black Keys

Baada ya kuisifu Thickfreakness, albamu ya pili ya studio ya The Black Keys, nimepokea maswali kadhaa kutoka kwa wasomaji. Kwa asiyeifahamu, hii ni bendi ya bluzi na roki yenye watu wawili tu: Dan Auerbach, anayeimba na kupiga gitaa, na Patrick Carney, anayepiga dramu, wote wa mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani.

Nimesikia kwamba albamu nzima ilirekodiwa kwa siku moja. Ni kweli, au ni maneno ya kuuzia muziki?

Ni kweli kwa sehemu kubwa sana. Karibu kazi yote ilirekodiwa mwezi Desemba 2002, kwa mfululizo wa saa 14, katika chumba cha chini ya ardhi cha nyumba ya Carney. Chanzo kilikuwa ukata: kampuni ya muziki ya Fat Possum iliwapa malipo ya awali madogo, nayo yakaishia kwenye kodi ya nyumba. Hata hivyo, kabla ya hapo walikuwa wamejaribu kurekodi na mtayarishaji mmoja huko San Francisco, na waliposikia kwamba sauti inaelekea kufanana na roki ya redioni ya siku zile, wakaachana na kazi hiyo. Jambo hili nalipa uzito kuliko ukata wenyewe, kwa kuwa linaonyesha kwamba vijana hawa, mmoja wa miaka 23 na mwenzake wa miaka 22, walijua wanachokitaka hata walipokuwa hawana fedha za kukigharimia. Albamu ilitoka tarehe 8 Aprili 2003, ikiwa na nyimbo 11.

Nikivaa spika za masikioni nasikia mikwaruzo na mvumo. Je, nakala yangu ni mbovu?

Hapana, ndugu yangu, nakala yako ni nzima. Walitumia Tascam 388, mashine ya miaka ya themanini inayorekodi sauti katika njia nane tofauti kwenye utepe wenye upana wa robo inchi. Utepe mwembamba kiasi hicho ukigawanywa mara nane, kila njia hubakiwa na nafasi finyu, na sauti kubwa ikiingia hubanwa na kukwaruza. Sikiliza wimbo wa kwanza, wenye jina la albamu: gitaa linanguruma lenyewe kwa muda mfupi, kisha dramu zinaingia, na ukituliza masikio utaweza hata kukisia ukubwa wa chumba, maana mlio unagonga ukuta na kurudi upesi. Studio kubwa ingeusafisha mlio huo, nasi tungepoteza kilicho bora humo.

Nani alipiga besi?

Hawakuwa na mpiga besi. Auerbach alitumia nyuzi nene za gitaa lake kujaza nafasi hiyo, na Carney alipiga kwa nguvu ya kutosha kuziba pengo linalobaki.

Wimbo wa saba, Everywhere I Go, ni wao wenyewe? Mbona ni tofauti na mingine?

Nashukuru kwa swali hili, kwa sababu huo ndio wimbo ninaoupenda kuliko yote humo. Ni utungo wa Junior Kimbrough, mwanamuziki wa vilima vya kaskazini mwa Mississippi aliyefariki mwaka 1998 na ambaye albamu zake zilitolewa na Fat Possum hiyohiyo. Bluzi ya vilima hivyo haifuati mzunguko wa mihimili 12, yaani mafungu 12 ya mapigo yanayorudiwa, unaosikika katika bluzi nyingi za Chicago. Mpiga gitaa huweza kukaa mahali pamoja muda wote, akirudia kifungu kilekile kifupi huku akikibadilisha kidogo kidogo, mpaka msikilizaji asahau ni muda gani umepita. Aliyezoea kusubiri sebene inoge hatapata shida kuuelewa uvumilivu huo, ingawa mwendo wa Kimbrough ni wa polepole na mzito zaidi. Auerbach na Carney hawakuharakisha wala kupamba. Waliuacha wimbo ujikokote, na sauti ya Auerbach ikabaki nyuma ya gitaa kama mtu anayejisemea. Nyimbo za kasi ndizo zilizopata umaarufu, na sizibezi, lakini katika huu ndipo ninaposikia walijifunza kwa nani. Mwaka 2006 walimrudia Kimbrough kwa rekodi fupi iliyojaa tungo zake, wakaipa jina la Chulahoma, mahali alipokuwa na ukumbi wake wa muziki.

Niko Arusha. Akron ni mji wa namna gani, na je, unasikika katika muziki wao?

Ni mji wa matairi. Goodyear na Firestone zilianzia huko, na kiwanda cha General Tyre ambacho nyote wa Arusha mnakikumbuka kilibeba jina la kampuni iliyoanzishwa Akron mwaka 1915. Vijana hawa walipokuwa wakikua, viwanda vingi vilikuwa vimekwisha kufungwa, na majengo makubwa matupu yalibaki kila upande. Ukitaka kuusikia mji huo, tafuta albamu iliyofuata, Rubber Factory ya mwaka 2004: waliirekodi ndani ya mojawapo ya viwanda hivyo vya matairi vilivyoachwa, na dramu za Carney, zilizokuwa zikigonga ukuta wa karibu, hapo zina ukumbi mzima wa kuvuma.