Fundi, bodi haionekani: maswali ya USB na siriali kwenye Linux

Barua za wiki hii karibu zote zinahusu kile kichipu cheusi kilichokaa jirani na tundu la USB kwenye bodi ndogo za elektroniki kama Arduino. Kazi yake ni kuwa daraja: upande huu USB, upande ule siriali, yaani data inayopita biti mojamoja.

Nimenunua Arduino ya bei nafuu yenye chipu ya CH340. Muuzaji anasema nipakue draiva. Natumia Linux, niipate wapi? (Morogoro)

Usipakue kitu. Muuzaji alikuwa na Windows kichwani. Draiva imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) tangu zamani, ila inaitwa ch341, na jina hilo ndilo linalowapoteza watu. Chomeka bodi, andika `lsusb` (orodha ya vifaa vya USB), utafute 1a86:7523, namba ya utambulisho wa chipu hiyo. Ukiiona, tazama `dmesg`, yaani taarifa za kerneli. Hapo utakuta ttyUSB0, jina la mlango wa siriali. Usipoiona, badilisha waya kabla ya kumlaumu mtu. Nyaya nyingi za kuchajia simu hazina nyuzi za data.

Ubuntu 22.04: ttyUSB0 inatokea, kisha inapotea papo hapo. Nimeshabadilisha waya tatu! (Kisumu)

Pole, waya hazina kosa. Soma `dmesg` vizuri, utakutana na jina brltty. Hiyo ni programu inayohudumia vifaa vya nukta nundu kwa wasioona. Kuna kifaa cha nukta nundu kinachotumia chipu hiyohiyo yenye namba hiyohiyo, basi brltty ikiona 1a86:7523 hudhani ni chake na kumpokonya ch341.

Mafundi wengi watakwambia `sudo apt remove brltty`, yakaisha. Kwenye kompyuta yako mwenyewe, sawa. Kama ni ya shule au maktaba, mimi siafiki: utamfungia mlango mtu asiyeona kwa sababu ya taa yako ya LED. Nakili faili la kanuni za brltty, 85-brltty.rules, kutoka /usr/lib/udev/rules.d uipeleke /etc/udev/rules.d, weka alama ya # mbele ya mstari wenye 1a86/7523, kisha uwashe upya.

“Permission denied” kila nikipakia programu. (Tanga)

`sudo usermod -aG dialout $USER` (inakuingiza katika kundi linaloruhusiwa kutumia milango ya siriali), kisha toka na uingie tena. Achana na chmod 777, inayompa kila mtu ruhusa. Ukichomoa bodi ruhusa hiyo inafutika.

Kifaa changu cha CH341A cha kuandikia chipu ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) hakitoi ttyUSB kabisa. Kimekufa? (Mombasa)

Kizima. Kikijitambulisha kama 1a86:5512 kiko katika hali ya SPI (njia ya kuongea na chipu za kumbukumbu), si siriali ya ttyUSB, kwa hiyo usingoje ttyUSB. Tumia flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu hizo, na `-p ch341a_spi`. Inaongea nacho moja kwa moja kupitia USB. Ila shika mita kwanza! Vifaa vya CH341A vyenye bodi nyeusi vinajulikana kwa kutoa volti 5 kwenye pini za data, na chipu nyingi za BIOS ni za 3.3, nyingine 1.8 tu. Soma chipu mara mbili, linganisha mafaili, ndipo uandike.

Ni kweli draiva inaweza kuua chipu bandia? (Arusha)

Ilitokea 2014, kwenye Windows. Draiva ya FTDI, kampuni inayotengeneza chipu za daraja la USB na siriali, ilikuwa ikigundua chipu ya kuigiza inaibadilishia namba ya bidhaa kuwa 0000, na kompyuta haiitambui tena. Mwaka huohuo waandishi wa kerneli ya Linux wakaiongeza namba hiyo ya 0000 kwenye orodha ya ftdi_sio, draiva ya Linux ya chipu hizo, na chipu zilizozikwa zikaendelea na kazi.