Mdogo wangu usiache besi kisa mikono inatetemeka

Juzi kijana mmoja wa Kasulu kaniandikia, anapiga gitaa la besi kwaya ya kanisani kwao, anasema kaka mimi nyumbani napiga vizuri kabisa ila nikisimama mbele za watu vidole vinakuwa vya baridi, vinatetemeka, jasho linatoka mpaka nyuzi zinateleza, je niache tu? Ile meseji nimeisoma mara tatu maana ni kama nimeiandika mimi. Usiache. Ngoja nikusimulie yangu, na nyie wengine mnaotaka kula kwa kupiga live sogeeni.

Mwaka 2016 bendi niliyokuwa nayo iliitwa kupiga harusi Tabora, tukapanda treni hapa Kigoma usiku kucha, mimi sikulala, nafanya mazoezi ya vidole juu ya paja. Sasa Tabora sio mji wa kwenda kujaribia. Ule ni mji wa bendi kongwe za dansi, Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz, wazee wa pale walishacheza besi za maana kabla mimi sijazaliwa. Nilivyopanda jukwaani nikaona ukumbi umejaa, mdomo ukakauka kama nimebugia unga wa muhogo, moyo unagonga, mkono wa kushoto kama sio wangu. Na moyo ukikimbia na wewe unakimbia, nikawa namtangulia mpiga dramu kila wimbo, halafu kwa ule uoga nikaanza kujaza manoti mengi ili watu waone najua. Wimbo wa tatu watu wakaanza kurudi kwenye viti. Wimbo wa nne kiongozi wetu akaja akanivua gitaa shingoni mbele ya ukumbi mzima, akampa mwingine, mimi akaniambia kashike nyaya. Nilishika nyaya mpaka saa tisa usiku. Mpaka leo nikikumbuka ule mkanda ulivyopita sikioni kwangu nasikia joto usoni. Sijamsamehe vizuri, nasema ukweli, angeweza kusubiri mapumziko akaniita pembeni kama mtu mzima na mdogo wake.

Miaka iliyofuata sina cha kusimulia, ni mazoezi, vipaimara na kitchen party.

Ila nilichokuja kuelewa ni kwamba ile hali sio ugonjwa wala sio kurogwa kama nilivyoambiwa na watu wangu wa karibu. Mwili ukiona macho mia mbili yanakutazama unadhani kuna hatari, unamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, damu inaenda kwenye misuli mikubwa ili ukimbie au upigane, ndo maana vidole vinabaki na baridi na mate yanakata. Mwili unakusaidia, tatizo unakusaidia kukimbia na wewe kazi yako ni kusimama. Kuna wanamuziki wakubwa huko Ulaya wanameza vidonge vya presha ili mikono itulie, mimi siwashauri kabisa, dawa ya moyo ni ya kuandikiwa na daktari.

Sasa njooni Jumamosi iliyopita, harusi Ujiji. Tulipiga, jamani tulipiga! Saa nne usiku uwanja umejaa, kina mama wamefunga khanga viunoni, watu wanatunza. Meza ya mbele kabisa amekaa bibi yake bwana harusi, bibi yule masikio yamechoka, ukitaka kumwambia kitu unainama na kupaza sauti, lakini kaweka viganja vyote viwili juu ya meza na mabega yanaenda sawasawa na besi. Mbele yake glasi ya soda, kila nikigonga uzi wa nne soda inatetemeka juu, viduara vidogo vidogo. Mara ampi yangu ikakata, fyuzi. Solo inaendelea, dramu zinaendelea, mwimbaji anaimba, kati ya wanaocheza hakuna hata mmoja aliyegeuka kuuliza. Ila soda ilitulia. Na yule bibi ndo wa kwanza kuinua uso akaangalia spika. Baada ya kama nusu dakika ndo nikaanza kuona viuno vinapoa, mmoja anajifuta jasho, mwingine kakumbuka soda yake, wanatoka bila kujua kwanini wanatoka. Fundi mitambo akabadilisha fyuzi, nikasubiri mwanzo wa sebene nikaingia na noti moja tu, ndefu, ya chini. Vigelegele. Bibi akarudisha viganja mezani.

Hii kitu imeshapimwa jamani. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha McMaster huko Kanada walitoa matokeo yao, waliwavalisha watu vipimo kichwani kwenye shoo ya live kabisa, wakawa wanawasha na kuzima spika za besi ya chini sana ambayo hata sikio haliipati vizuri. Zikiwashwa watu wanacheza zaidi kwa karibu asilimia 12, na wenyewe hawajui kama kuna kitu kimewashwa. Kwahiyo besi inaingia kifuani, kwenye ngozi, kwenye kile kiungo cha ndani ya sikio kinachotuwezesha tusianguke. Mskoti Evelyn Glennie hasikii karibu kabisa na ni mpiga ngoma mkubwa duniani, anapiga pekupeku ili miguu ipokee mtetemo. Sasa wewe unaogopa macho ya watu ya nini? Mpiga besi hatazamwi, anasikika mwilini!

Kwahiyo mdogo wangu wa Kasulu, fanya hivi. Kabla ya kupanda vuta hewa puani kawaida, itoe mdomoni taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, mara kumi. Ukitoa pumzi ndefu moyo unapunguza mwendo wenyewe, huhitaji kuuomba. Na wewe una bahati uko kwaya, maana Waswidi wa Göteborg walipima waimbaji mwaka 2013 wakakuta mioyo yao inaongeza na kupunguza kasi kwa pamoja, kwa sababu wimbo ndo unawapangia wapumue saa ngapi. Basi imba nao kimoyomoyo huku unapiga, pumua wanapopumua. Miguu ikanyage chini sawasawa. Noti chache. Nasema tena, noti chache, maana mtu anayetetemeka anapenda kujaza, na mwili wa msikilizaji unataka uwe na uhakika lini mguu utashuka.

Na masikio tafadhali. Sauti ya desibeli 85 sikio linaivumilia kama masaa nane kwa siku, ikifika 100 ni dakika 15 tu, na sisi tunakaa pembeni ya spika usiku mzima halafu tunajisifia masikio yanalia nziii mpaka asubuhi. Ule mlio ni dalili sikio linaumia, na likishaharibika halijirudi. Nunua vile vizibo vya masikio, bei yake haifiki seti moja ya nyuzi. Vijana wengi hamsikii mkiambiwa haya, mnataka kwanza muumie kama mimi nilivyoumia sikio la kushoto.

Jumapili ukitoka ibadani niandikie, niambie vidole vilikuwaje.