Milki au miliki?

SWALI: Natafsiri makala ya historia ya akina Wittelsbach, watawala wa Bavaria huko Ujerumani katika zama za kati. Niliandika: "Familia ya Wittelsbach ilimilki ardhi za Bavaria kuanzia mwaka 1180." Mhariri amenirudishia, anasema "ilimilki" si Kiswahili. Ni kweli? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni kweli, ila mhariri wako ameishia njiani. Milki ni nomino: milki yake, milki zao. Kitenzi ni miliki, kwa hiyo "ilimiliki". Ile i ya katikati huwa tunaimeza tukizungumza haraka, ndiyo maana kosa hili limeenea.

Kinachonikera zaidi ni kukitumia kitenzi chenyewe hapo. Mwaka 1180 Kaisari Friedrich Barbarossa alimvua Heinrich Simba utawala wa Bavaria, akampa Otto wa Wittelsbach. Ilikuwa dhamana ya cheo, na aliyetoa aliweza kunyang'anya. Heinrich ndiye shahidi. Ukisema "alimiliki", msomaji wa leo anawaza hati ya kiwanja. Otto alikabidhiwa Bavaria.

Sasa sogea hadi 1255. Vitukuu vyake wawili, Ludwig na Heinrich, waligawana Bavaria ya Juu na ya Chini kama ndugu wanavyogawana shamba la marehemu baba yao. Mwaka 1392 ndugu wengine watatu wa ukoo huo wakagawana tena: München, Ingolstadt, Landshut. Mpaka mwaka 1506, baada ya vita vya kugombea urithi wa Landshut, ndipo Albrecht wa Nne alipoweka sheria kwamba mtoto wa kiume wa kwanza arithi nchi nzima. Hapo katikati "miliki" inakaa vizuri kabisa, maana cheo kilishageuka mirathi. Tena mzizi wenyewe wa Kiarabu unaruhusu: miliki, milki, mamlaka na malkia vyote vimetoka humo, mali na utawala pamoja.

Mengine ni madogo. Familia kwa wengi wetu ni baba, mama na watoto. Hawa walitawala hadi 1918, basi ni ukoo. Nasaba iache kwa pale unapoeleza nani alimzaa nani. Na "ardhi" ni udongo unaopimwa na kulimwa. Walichotawala ni nchi.

Usidhani pia kwamba "wa Wittelsbach" ni wakazi wa Wittelsbach. Hilo ni jina la ngome yao, nayo ilibomolewa mwaka 1209, baada ya Otto mwingine wa ukoo huo kumuua Mfalme Philipp mjini Bamberg mwaka uliotangulia. Ndugu wale walipokuwa wakigawana nchi, ngome iliyowapa jina ilikwisha kuwa magofu.

Mimi ningeandika: "Ukoo wa Wittelsbach ulikabidhiwa Bavaria mwaka 1180." Ulikabidhiwa, si ilikabidhiwa: ukibadili nomino, badili na upatanisho.